Samaki wa Bi Zuhura Aliyefunga Ramadhani

Kabla hujamwita samaki wako Bwana au Bi, ngoja kwanza. Mimi niliwahi kulipwa mshahara kwa kazi hiyo ya kutofautisha, na nadhani sehemu kubwa ya mshahara ule niliila kwa bahati tu.

Nayasema haya kwa sababu juzi kijana mmoja wa mtaani kwetu alinisimamisha njiani. "Shikamoo, mzee. Hebu njoo unitazamie samaki wangu, dume au jike?" Nikaitikia marahaba, ingawa mvi zangu bado hazijashika kichwa kizima, nikamfuata. Sebuleni kwao palikuwa na tangi la kioo, na ndani yake samaki wa manjano ya embe bivu, mwenye mistari myeusi kutoka kichwani mpaka mkiani. Nilimtazama, naye akanitazama. Nikamwambia kijana kile ambacho miaka yote ya kazi imenifundisha kukisema: "Sijui."

Alivunjika moyo. Mtu aliyestaafu kwenye uvuvi, tena mwenye shahada, alitarajiwa kuwa na jibu refu zaidi. Basi jibu refu ndilo hili, na nyinyi wengine mnaofuga samaki masebuleni sogeeni, maana mtaniuliza hilo hilo kesho.

Niliingia kazini kwenye ofisi ya uvuvi miaka michache baada ya Mapinduzi, nikitokea chuo kikuu cha bara, nikiwa na shahada ya elimu ya wanyama, tai moja, na imani kwamba samaki wa Unguja walikuwa wakinisubiri. Asubuhi ya kwanza nilipelekwa dikoni, pale wavuvi wanaposhushia samaki wao, kwa Mzee Makame, Mtumbatu aliyekuwa ofisini tangu mimi nikisoma juzuu. Nikamnyanyua samaki mmoja mkubwa aina ya changu kutoka kwenye fungu, nikaanza kumgeuzageuza nitafute kama ni dume. Mzee Makame alinisubiri nimalize.

"Bwana msomi," akasema, "huyo ameshakufa. Kwake habari hizo zimekwisha."

Mkuu wetu wa ofisi hakuhitaji muda mrefu kuona mahali ambapo madhara yangu yangekuwa madogo. Siku zile, katika nyumba za Mji Mkongwe, palikuwa na matangi ya samaki yaliyobaki baada ya wenyewe kuhama, na wakazi wapya walikuja ofisini kuuliza mambo ambayo dikoni hakuna aliyeyajali: maji yameota ukijani, samaki amelala ubavu, hawa wanapigana nini. "Nendeni na huyu," mkuu alisema, bila kuinua uso kutoka kwenye karatasi zake. Ndivyo nilivyokuwa daktari wa samaki wa masebuleni. Vifaa vyangu vilikuwa mpira wa kuvutia maji, wavu nilioushona kwa chandarua kikuukuu, na uso wa mtu anayejua.

Uso ule haukudumu. Nyumba moja ya Shangani walitaka kujua jinsia ya perege wao. Kitabu kilisema: mlaze samaki chali mkononi, tazama matundu mawili yaliyo mbele ya pezi la chini. Ya dume yanalingana. Ya jike, moja ni kubwa zaidi, kwa sababu ndipo mayai yapitapo. Hilo ni kweli mpaka leo, na likikushinda jingine lote lishike hilo. Kitabu hakikusema kwamba samaki naye ana rai yake. Nilimshika kwa mkono mkavu mbele ya familia nzima, nikakohoa, nikasema, "Huyu ni," na perege akaruka moja kwa moja kwenye jagi la sharubati ya ndimu.

Mwenye nyumba alichungulia ndani ya jagi. "Jinsia yake hatujaijua," akasema, "lakini kiu anayo."

Nilipomsimulia Mzee Makame aliniuliza kama mkono niliutia maji kwanza. Nikasema la. "Basi ungejipaka na jivu kabisa, kama anayempara wa kupika," akasema. Tokea siku hiyo nashika samaki kwa mkono uliolowa, ndani ya beseni la maji, nimefunika nusu kwa kitambaa. Ute ulio juu ya ngozi yake ndio nguo yake. Mkono mkavu humvua.

Jambo jingine nililojifunza kwa kukosea ni maji. Kwa muda mrefu nilijisifu kwamba samaki wa maziwa ya bara hustawi Mji Mkongwe kwa sababu ya uangalizi wangu. Kumbe ni mawe. Mawe haya ya matumbawe tuliyojengea nyumba ndiyo haya haya wenye matangi waliyatia ndani ya maji kwa urembo, na maji yetu yenyewe hupita kwenye mawe hayo kabla ya kutufikia. Maji magumu, yenye chokaa, ndiyo wanayoyapenda samaki wa Ziwa Nyasa. Ningekaa kitako nyumbani wangestawi vile vile. Ya mfereji yaacheni wazi kwenye ndoo kutwa na kucha, dawa ya kusafishia maji itoke, kisha yamimineni taratibu. Mengine yaachieni mawe.

Samaki wa Ziwa Nyasa ndio walionifikisha kwa Bi Zuhura.

Bi Zuhura alikaa Kiponda, ghorofa ya juu, na marehemu mumewe, Bwana Khamis, alikuwa fundi wa mitambo kwenye meli za ziwa lile. Alipoacha kazi akarudi nyumbani na debe la samaki. Huko ziwani huwaita mbuna; ni jamaa wa perege, lakini wadogo, urefu wa kidole, wakaao kwenye majabali. Debe lile lilipanda lori, likapanda treni, likapanda meli, na Bwana Khamis alilikumbatia njia nzima kama aliyebeba mtoto mgonjwa. Wengi walikufa njiani. Walifika wanne; mmoja alimpa rafiki yake, na watatu aliwamimina kwenye tangi la kioo sebuleni, akamwambia mkewe, "Hawa watazaa, na sisi nyumba yetu ipate purukushani."

Wao wenyewe hawakujaaliwa mtoto. Naye Bwana Khamis hakuishi kuiona purukushani hiyo.

Kwa hiyo mjue Bi Zuhura alikuwa akitaka nini aliponiita. Hakutaka maji mang'avu wala samaki wazuri. Hao alikuwa nao. Alitaka wazae kabla hawajazeeka, kwa sababu kisiwa kizima hakikuwa na wengine, ila mmoja nitakayemtaja. Na chini, ghorofa ya kwanza, alikaa wifi yake, Bi Mwanajuma, dada wa marehemu, mwanamke ambaye ulimi wake hupanda ngazi kabla yake. Siku ya kwanza nilipofika alikuwa amekwisha kukaa kwenye mkeka, anatafuna popoo.

"Umekuja kuwatibu?" akaniuliza. "Nyumba hii ya kaka yangu hata samaki wake hawazai."

Bi Zuhura alinimiminia kahawa kana kwamba hakusikia.

Samaki wenyewe walikuwa hivi. Mmoja mweusi wa makaa, na mstari wa buluu hafifu ubavuni. Wawili wa manjano, wenye mistari kama yule wa kijana wa juzi. Yule mweusi Bi Zuhura alimwita Bwana. Wale wa manjano, Bi Mkubwa na Bi Mdogo. Nikasema majina yamepatiwa: katika aina hii dume huwa mweusi na jike huwa wa manjano. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyefaulu mitihani. Kilichobaki, nikasema, ni kumpa Bwana pango la kuchezea na kungoja.

Nikawajengea pango la mawe. Tukangoja. Siku moja, mchana wa joto, kifuniko cha tangi kilisahauliwa wazi, Bwana akaruka nje, na paka wa Bi Mwanajuma akaikamilisha habari.

Nilipofika nilimkuta Bi Zuhura kimya na wifi yake akisema kwa niaba ya wote wawili.

"Yamekwisha," alisema Bi Mwanajuma. "Sasa na hawa wajane wawili wakae eda."

Bi Zuhura mwenyewe hakuwa ametoka edani siku nyingi. Aliinuka, akachukua kanga kuukuu, akaifunika nusu ya tangi. Mimi nilidhani anajibu utani kwa utani. Lakini aliikunja pindo kwa uangalifu, ili mwanga usiwafikie. Wale samaki waliokuwa wakigonga vioo wakatulia chini ya kivuli kile. Tokea hapo kila tangi lenye samaki wenye wasiwasi nimeliagizia nusu kifuniko, nikaita ni mbinu ya kitaalamu.

Haukupita muda Bi Zuhura akanitumia salamu ofisini. Nilikwenda.

"Mwanangu," akasema, "hebu mtazame Bi Mdogo. Mie nnaona kama anaota weusi."

Ni kweli. Tumbo lilikuwa limeanza kufifia rangi yake ya embe na kuwa la moshi. Kila nilipopita weusi ulikuwa umepanda zaidi, mpaka akawa mweusi kama Bwana alivyokuwa, na mstari ule ule wa buluu. Mtaani wakasema jike la Bi Zuhura limegeuka dume. Msiwacheke, baharini wapo wa namna hiyo, na Mzee Makame aliniapia kwamba pono huanza maisha wake wakayamaliza waume. Lakini mbuna hawana habari hizo. Nilikwenda kuvifunua tena vitabu vyangu, safari hii nikisoma bila ya mtihani mbele yangu, nikaona kilichonipita. Dume mnyonge, akikaa penye dume mbabe, huvaa rangi za jike ili asiuliwe. Mbabe akiondoka, naye huvaa zake.

Nikawaeleza. Bi Mwanajuma aliacha kutafuna.

"Yaani miaka yote hiyo mwanamume amekaa ndani ya nyumba hii kavaa buibui?"

"Ndivyo, Bi Mwanajuma."

"Na kaka yangu hajui?"

"Hakuna aliyejua."

Walicheka mpaka machozi, wote wawili. Mara ya kwanza nawaona wakicheka pamoja. Kisha Bi Zuhura akajipangusa, akamnyooshea kidole yule wa manjano aliyebaki.

"Na huyu Bi Mkubwa?" akauliza. "Huyu chini ya buibui lake kuna nani?"

Vijana, hilo ndilo swali lenyewe. Aliye mweusi amejitangaza. Aliye wa manjano huenda ni jike, huenda ni dume wa pili anayengoja zamu yake. Ndiyo sababu kijana wa juzi nilimwambia sijui.

Swali lile lingeweza kusubiri, kama si Mwalimu Festo. Huyu alikuwa mtu wa huko huko mwambao wa Ziwa Nyasa, anasomesha hapa Unguja na anakaa Mbweni. Alikuwa rafiki wa marehemu. Walikuwa wakikutana waongee habari za ziwa lao. Bwana Khamis alimpa samaki mmoja wa manjano kutoka kwenye debe lile, naye alimfuga peke yake kwenye chupa kubwa ya peremende za dukani. Alikuwa jike bila shaka, kwa sababu aliwahi kutaga mayai humo ndani, yakaharibika kwa kukosa dume. Sasa Mwalimu Festo alikuwa amepata uhamisho, arudi bara mara tu baada ya Idi, na samaki wake anaondoka naye.

Akaja kwa Bi Zuhura na rai ya kiungwana. "Mama, ikiwa hawa wako wote wawili ni madume, nipe mmoja, nami nikuachie jike wangu. Wewe utapata jozi, nami huko bara jike sitakosa. Lakini ikiwa huyu wa manjano ni jike, usimtoe. Ukimtoa utabaki kubadilisha jike kwa jike, tena unamtoa aliyekwisha kuizoea nyumba na dume wake."

"Na nikimng'ang'ania, kumbe ni dume?"

"Basi utabaki na madume wawili, na mimi nishaondoka."

Wote wakanigeukia mimi.

Nilipiga magoti mbele ya kioo, nikaanza na mapezi. La mgongoni kwa dume huchongoka nyuma. La Bi Mkubwa lilikuwa si la mviringo wala si la ncha. Nikaja kwenye vidoa vya manjano vilivyo kwenye pezi la chini, mfano wa mayai. Dume huwa navyo vikubwa na vyenye kung'aa. Bi Mkubwa alikuwa nacho kimoja, hafifu, kama mtu aliyesahau kufuta wino. Tabia nayo haikusema kitu: Bwana Mdogo, ndiyo lilikuwa jina lake jipya yule mweusi, alimfukuza na kumtetemekea mbele kwa zamu, na yote mawili hayo dume huyafanya kwa jike na huyafanya kwa mpinzani. Nikasema hapana budi nimshike, nimlaze chali, nitazame yale matundu.

Bi Zuhura alivuta ushungi wake. "Umesema mwenyewe huenda akawa mwanamke."

"Ndiyo, Bi Zuhura."

"Halafu unataka umfunue. Hapa sebuleni kwangu, na Mwalimu Festo amekaa pale."

Mwalimu Festo akatazama dirishani. Nilieleza kwamba ni samaki, kwamba ni elimu, kwamba hospitali pia madaktari huwa ni wanaume. Alisikiliza yote kwa upole, akaniongezea kahawa, na jibu likabaki la.

Hapo ndipo Ramadhani ikaandama.

Siku za mwanzo zilipopita, Bi Mkubwa akaacha kula. Viluwiluwi vya mbu, ambavyo kwa mbuna ni kama kaimati, vilipita mbele ya pua yake asivitazame. Alijificha nyuma ya jiwe, koo limemjaa, midomo ikichezacheza bila kumeza kitu.

"Amefunga," alisema Bi Zuhura.

"Na anavuta uradi," alisema Bi Mwanajuma. "Tazama midomo."

Habari ikashuka ngazi, ikapita uchochoroni. Majirani walipanda kumwangalia samaki aliyefunga, na watoto wavivu wa kufunga waliletwa wapate haya. Kila jioni ukipigwa mzinga Bi Zuhura alimtilia kidogo cha kufuturu, na kila jioni Bi Mkubwa alikikataa. Mimi niliitwa nikasema ni ugonjwa wa koo, tuweke chumvi kidogo. Tukaweka chumvi kidogo. Hakuna kilichobadilika.

Mwezi ukasonga. Bi Mwanajuma alikuwa akihesabu, na siku moja alasiri akapanda juu na hoja yake imeiva.

"Wifi, nshapata jawabu. Huyu dume."

"Umejuaje?"

"Tokea aanze hajaacha hata siku moja. Mwanamke gani huyo? Mwanamke angekuwa na siku zake za kula, akaja akalipa baadaye. Huyu kanyoosha moja kwa moja. Wanaofunga hivyo ni wanaume."

Bi Zuhura aliipima hoja ile. Sasa ninyi mwaweza kucheka, lakini tazameni tulikuwa na nini. Rangi haikusema. Mapezi hayakusema. Kuguswa alikatazwa. Hoja ya Bi Mwanajuma ndiyo pekee iliyokuwa na mguu wa kusimamia, na mimi, mwenye shahada, niliyekuwa na njaa na usingizi wa alasiri ya Ramadhani, niliitikia kwa kichwa kama kadhi na kusema huenda pana ukweli. Dume mnyonge, nikafafanua, huacha kula kwa hofu ya mbabe. Nikaipa hoja yake koti la chuo kikuu.

"Basi mwambie Mwalimu aje," alisema Bi Zuhura. Aliposema hivyo alikuwa akimtazama samaki, si sisi.

Mwalimu Festo alikuja siku moja ya kumi la mwisho la Ramadhani, baada ya sala ya alasiri, na debe lake dogo na chupa yake ya peremende, jike wake ndani yake. Niliitandika kanga ile kuukuu sakafuni, nikaweka beseni juu yake, nikaingiza wavu tangini. Bi Mkubwa hakukimbia sana. Nilimteka, nikamteremsha ndani ya beseni, na akasimama katikati ya maji akitweta.

Kisha akafumbua kinywa, akamwaga.

"Anatapika," alisema Bi Zuhura. "Saumu yake imeharibika."

"Kutapika bila kukusudia hakuharibu," alisema Bi Mwanajuma papo hapo.

Niliinama. Matapishi yalikuwa na macho. Vitone vidogo, kila kimoja na macho mawili na mkia mfano wa uzi, vikatawanyika beseni zima, vikatulia chini, vikaruka tena. Vyote vilikuwa na mistari.

Nataka niwaambie kwamba wakati ule chuoni tulisomeshwa perege hulea mayai mdomoni. Nililisoma, nikaliandika kwenye mtihani, na swali lile nilipata alama zote. Halafu nikalikuta mbele ya uso wangu, koo limejaa, midomo inageuza mayai, nami nikaliandikia chumvi. Nilimtazama Mwalimu Festo, mzaliwa wa ziwa lenyewe, labda yeye alijua.

"Kwetu tunawala," alisema taratibu. "Midomo yao hatujapata kuichungulia."

Lakini hapakuwa na nafasi ya kuaibika. Mama aliyeshtushwa akawatema wanawe huweza asiwarudishe, na ukiwatia tangini wakiwa wadogo vile dume huwala. Bi Mkubwa alikuwa akizunguka beseni kwa kasi, akigonga kingo, na kila alipopita vitoto vilirushwa kama makapi. Niliwaza ndoo, nikawaza mpira, nikawaza kitabu. Bi Zuhura hakuwaza. Aliinyanyua kanga iliyokuwa chini ya beseni, pande zote nne, akalifunika gubigubi.

"Msiseme," akatuambia.

Tukakaa. Mwalimu Festo na debe lake magotini, mimi na wavu unaodondosha maji juu ya mkeka, Bi Mwanajuma na popoo lake, alilokuwa amelishika tu kwa kuwa kafunga. Beseni lilikuwa likigongwa, kisha likagongwa kwa mbali, kisha likanyamaza. Bi Zuhura alikuwa amekaa na mikono miwili juu ya kanga, bila kukandamiza, kama anayemlaza mtoto. Mzinga wa magharibi ulilia, na hakuna aliyeinuka kufuturu.

Alipofunua pindo moja tuliinama wote pamoja, vichwa vikagongana. Maji yalikuwa matupu. Bi Mkubwa alisimama katikati yake, kidevu kimejaa, midomo inacheza.

Mwalimu Festo aliliweka debe lake pembeni. "Mama," akasema, "mie sina biashara hapa."

Basi sikilizeni niwape vya kushika. Samaki wa jamii hii akiacha kula na koo likamjaa, msimpe dawa, mpeni amani. Mkilazimika kumhamisha, msimteke kwa wavu; mchoteni pamoja na maji yake kwa bakuli pana, mumfunike. Rangi ya manjano isiwadanganye, na vidoa vya pezi la chini visiwaapishe. Ukitaka uhakika, jiwe la kujificha na subira vitakupa, na ukiwa huna subira basi mkono uliolowa na yale matundu mawili, ikiwa mwenye nyumba ataruhusu. Na ukinunua wadogo, ambao hakuna aliye hai awezaye kuwatambua, usichukue wawili ukajidai umepata jozi. Chota konzi nzima. Kati yao dume na jike hawakosekani.

Ndivyo alivyofanya Bi Zuhura siku Mwalimu Festo alipokuja kuaga. Alimuuliza anataka dume au jike, akacheka mwenyewe, akachukua kikombe cha chai akachota watoto bila kuchagua, akamimina ndani ya debe. Wakaenda bara na jike wake, wakirudi ziwani kwao au popote uhamisho ulipompeleka.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni asubuhi ya Idi. Nilipita kutoa mkono wa Idi, nikamkuta Bi Mkubwa amekwisha kuwaachia wanawe kwenye tangi dogo la pembeni tulilomtengea, wamejaa kwenye matundu ya mawe kama pilipili manga. Yeye mwenyewe alikuwa akila. Alikula kwa pupa ambayo sijapata kuiona kwa samaki wala kwa binadamu aliyetoka saumu.

"Kwa hiyo alikuwa mwanamke," nilisema, ili mtu aseme kitu.

"Mwanamke, tena mama," alisema Bi Zuhura. "Mwenye mimba na mwenye kulea wana ruhusa ya kula. Huyu ruhusa yake hakuitumia."

Chini, ngazi zilianza kulia. Safari hii miguu ya Bi Mwanajuma ilitangulia, ulimi ukafuata nyuma. Alisimama mlangoni na kanga mpya za Idi, sahani ya maandazi mkononi, akatazama lile tangi dogo kwa muda. Mimi nilijiweka tayari kwa lolote.

"Wifi," akasema, "hawa watoto wa kaka yangu washakula?"

Bi Zuhura alimsogezea nafasi mkekani. "Bado. Wanakusubiri wewe."